Bunduki Isiyo na Pini

1

Tak.

Ndiyo hiyo tu. Haikulia, hakuna ndege aliyeruka. Tak, kama mtu anafunga komeo.

Mimi ni Twalibu Chitete, mrina asali, wa kijiji cha Mkwaya. Kibali cha kuingia porini ninacho. Nilikuwa natoka kwenye vichaka vya kijito, mzinga begani. Upande wa pili wa maji amesimama kijana wa hifadhi na bunduki yake imenielekea. Nilikiona kidole chake kikivuta. Kilivuta mpaka mwisho wa kuvuta.

Tak.

Halafu tukatazamana.

2

TANGAZO KWA VITUO VYOTE VYA DORIA

Kila kituo kitapokea kifaa kimoja (1) cha mfukoni kwa ajili ya matengenezo ya bunduki. Kifaa kinakunjika na kina koleo, kisu, bisibisi, kikwanguo cha masizi na kisukumio cha pini.

Kifaa kitumike KITUONI TU. Ni marufuku kufungua silaha ukiwa doria.

Ni marufuku kukitumia kufungulia chupa za soda.

3

(Sajini Gaudensia Nchimbi, mkuu wa kituo)

Marufuku ya soda ilivunjwa siku ileile kilipofika, na aliyeivunja ni mimi.

Tukakiita plaizi ya bunduki. Nikamkabidhi Kasiani Luambano, kwa sababu kati ya askari wangu wote ndiye mwenye mikono mitulivu. Alikuwa anaikwangua ndani bolti, ile sehemu inayosukuma risasi, mpaka chuma kinang'aa, kisha anainusa. Nilimuuliza siku moja, unanusa nini? Akasema, nasikiliza kama imebaki kitu. Kusikiliza kwa pua! Tulicheka sana.

Baadaye majangili wakamuua askari mwenzetu Zeno kule bondeni. Zeno na Kasiani walikuwa wanalala chumba kimoja tangu mafunzo.

Baada ya mazishi Kasiani akaanza kusafisha bunduki ambazo zilikuwa safi. Nilimwona. Nikasema moyoni, acha, kila mtu analia anavyojua. Nilipaswa kumwambia, wewe mdogo wangu, baki kituoni, doria watakwenda wengine.

Badala yake nilimchukua. Nikamchukua yeye kwa sababu alikuwa hodari na mimi nilikuwa naogopa.

4

Kazi nyingine zilizofanywa na plaizi ya bunduki:

kutoa mwiba kisiginoni mwa sajini

kukaza mguu wa meza ya jikoni

kushika sufuria ya ugali yenye mpini uliovunjika

kufungua redio ya Zeno, kuitazama ndani, kuifunga tena

(redio ilikuwa nzima)

5

Walikuwa wawili tu, Kasiani na sajini. Asubuhi walikuta alama za viatu kwenye matope, na walipofika kijitoni Sajini Gaudensia alisema, "Mimi napanda huku juu niangalie kivuko. Wewe nisubiri hapa. Usitembee."

Kasiani akakaa juu ya jiwe. Jua lilikuwa kali na pori limenyamaza. Mikono ile mitulivu ilianza kutetemeka, akaibana katikati ya magoti, ikaendelea kutetemeka hukohuko.

Ilihitaji kazi.

Akatoa plaizi mfukoni. Akaitoa bolti ya bunduki, akasukuma kile kipini kidogo kinachoshikilia pini kubwa, ule msumari mwembamba unaoigonga risasi ndipo ilipuke. Alitaka kukwangua masizi kidogo tu. Hayakuwepo masizi. Vidole vilikuwa na mafuta.

                    ting

                              ting

Halafu maji.

Alipekua. Alivua viatu akaingia, akapapasa chini ya mawe, akachota mchanga kwa viganja na kuuchuja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na kila alipogusa yalizidi kuchafuka. Alipata vijiti, konokono na kifuniko cha chupa.

Aliirudisha bolti mahali pake bila pini. Ukiitazama kwa nje, ilikuwa bunduki kamili kabisa.

Redio ya upepo ilikuwa kifuani pake. Akabonyeza.

"Sajini."

"Nakusikia, Kasiani. Kuna nini?"

Sasa wewe unayesoma, maneno yenyewe ni mepesi: *bunduki yangu haifanyi kazi.* Mtoto wa darasa la kwanza anayasema. Sajini alikuwa peke yake huko juu, akiamini kwamba nyuma yake kuna mtu mwenye silaha.

"Kasiani?"

"Huku ni salama, sajini."

"Sawa. Kaa hapohapo."

Salama.

6

Kichaka kikatikisika. Akatoka mtu, na begani mwa mtu kuna kitu kirefu, cheusi, cha mviringo.

Kasiani hakusema "simama." Hakusema "nani?" Alifundishwa kusema yote mawili.

7

(Twalibu Chitete tena)

Niliutupa mzinga. Nikakaa chini, na pale chini nikajikojolea. Yule binti karani aliyekuwa anaandika maelezo yangu kituoni alitaka kuliruka hilo. Nikamwambia, andika. Nina wajukuu, na nimejikojolea mbele ya kijana ambaye ningeweza kumzaa.

Akavuka maji kuja kwangu. Mimi nikajua anakuja kumalizia. Akafika, akasimama, macho yake yakashuka kwenye suruali yangu, akayaondoa haraka. Unajua alisema nini?

"Shikamoo, mzee."

Nami nikaitikia. Wallahi, nikaitikia.

"Marahaba."

Akasema, "Samahani." Akaokota mzinga wangu akausimamisha vizuri kwenye mti. Kisha yule mama sajini akaja mbio.

8

TAARIFA YA DORIA (sehemu)

Mtu alikutwa kwenye kijito akiwa na mzinga. Ieleweke ni mzinga wa nyuki. Alikaguliwa, kibali chake kilikuwa halali, akaruhusiwa kuendelea. Silaha ya askari ilibainika kuwa na upungufu wa pini ya kufyatulia.

Risasi zilizotumika: Hakuna.

Madhara: Hakuna.

9

Yaliyosikika jikoni, kituoni:

"Eti pini imeliwa na kambare!"

"Mvueni huyo kambare, mtamsikia akipiga mwayo analipua."

"Kasiani, hebu tusikilizishe. Ilisemaje?"

"Tak," akasema Kasiani.

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Kasiani naye alicheka, tena kwa sauti. Wakampa jina: Afande Tak. Alilipokea. Jina hilo lilikuwa la askari mzembe aliyepoteza pini, na askari mzembe ni mtu ambaye anaweza kukaa mezani na wenzake.

10

(Fabiola, mkewe)

Mimi nami nilicheka. Aliponisimulia habari ya kambare nilikuwa nachambua mchele, nikacheka hadi nikaumwaga.

Akanisaidia kuokota. Tumeinama wote wawili, ndipo akasema:

"Fabi, nilivuta."

"Ulivuta nini?"

"Triga."

"Si umesema haikuwa na pini?"

"Haikuwa nayo."

"Sasa?"

"Nilisahau. Nilipomwona yule mzee nilisahau kabisa kama haina. Nilivuta ili ilie."

Mchele ulikuwa mkononi mwangu na nikaendelea kuushika.

Nilimuuliza nani mwingine anajua. Akasema afisa anayekuja kusikiliza shauri lake ameshampigia simu sajini. Ushauri ni mmoja: aseme alijua bunduki haina pini, alitaka kumtisha tu. Hapo kosa linabaki ni kupoteza pini na kufungua silaha doria. Atapewa onyo, kazi ataendelea nayo. Sajini amemwambia hivyohivyo. Amemwambia huku analia, lakini amemwambia.

"Na wewe unaniambiaje?" akaniuliza.

Usinitazame hivyo wewe unayesoma. Una nyumba yako. Mume wako, kama unaye, yuko mbali na mambo haya. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na huyu aliyeinama mbele yangu ni mtu mpole, sijapata kumsikia hata akimfokea mbwa.

Nikasema, "Sema ulijua."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kulala mapema, amegeukia ukutani. Kukicha nilimpigia pasi sare yake na sikuweza kumtazama usoni. Naye hakunitazama. Tulikuwa kama watu wawili waliokutana kwenye duka la mtu waliyemwibia.

11

WITO

Bw. Twalibu Chitete anaombwa kufika kituoni kama shahidi katika shauri la kupotea kwa sehemu ya silaha. Shahidi atajibu yale tu atakayoulizwa.

12

Veranda ya kituo. Meza ileile ya jikoni imetolewa nje na kutandikwa kitambaa. Afisa kutoka makao makuu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ameketi katikati. Sajini Gaudensia yuko kulia kwake. Kasiani amesimama. Twalibu amepewa kiti pembeni, amevua viatu vyake akaviweka chini ya kiti kama yuko msikitini, kanzu yake imepigwa pasi.

"Mzee Twalibu, ulimwona askari akiwa na bunduki?"

"Nilimwona."

"Ilitoa risasi?"

"Haikutoa."

"Ahsante sana, mzee. Inatosha."

"Haitoshi," akasema Twalibu.

Afisa akainua macho.

"Mzee wangu, hapa tunashughulikia pini."

"Nimeelewa ni pini. Lakini mizinga yangu iko kando ya kijito kile, wala sina mahali pengine. Kila msimu nitapita pale na huyu kijana atakuwa pale. Nataka nijue jambo moja tu, halafu nyie endeleeni na pini yenu. Alijua, au hakujua?"

Karani akasimamisha kalamu. Jikoni mtu aliacha kuosha vyombo.

"Swali zuri," akasema afisa taratibu, "na jibu lipo. Askari Luambano, ulipovuta triga ulikuwa unajua kwamba bunduki haina pini. Ulitaka kumtisha tu mtu uliyemdhania jangili. Ndivyo?"

Sajini Gaudensia alikuwa akitazama kitambaa cha meza.

Kasiani alifikiria mchele. Alifikiria Fabiola akiisukuma pasi kwenye kola ya shati hili. Jibu lilikuwa neno moja, na wote waliokuwa kwenye veranda ile walikuwa wamemshikia mlango apite.

"Hapana, afande."

"Sikiliza swali vizuri."

"Nimelisikia, afande. Sikumtisha. Nilisahau kama pini haipo. Nilitaka..."

Akamtupia jicho Twalibu, kisha akamrudia afisa.

"Nilitaka kumuua. Sikumjua ni nani. Sikumuuliza. Nilimwona mtu, nikataka afe kabla hajanifikia."

Karani akaandika.

"Na kabla ya hapo sajini aliniuliza kwenye redio, nikamwambia ni salama. Hilo nalo."

Sasa Gaudensia akamtazama. Huyu ndiye aliyepanda peke yake kwenye kivuko, akageuza mgongo bila wasiwasi. Kasiani alitamani amtukane. Sajini hakumtukana. Alivua kofia yake akaiweka mezani, akaonekana mzee.

"Tusiandike kwanza," afisa akamwambia karani.

"Nimeshaandika, afande," karani akasema.

Twalibu akavuta viatu vyake chini ya kiti, akavivaa polepole, kimoja, na kingine. Akasimama. Hakuaga.

13

Kasiani hakuruhusiwa kuondoka. Aliondoka.

Alimkuta mzee kwenye njia ya kwenda kijijini, njia nyembamba, nyasi zimepanda mpaka mabegani pande zote mbili. Akapunguza mwendo akawa anamfuata kwa nyuma. Mzee akaenda kidogo, kisha akasimama bila kugeuka.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, mzee. Nakufuata."

"Kuniambia nini?"

Samahani alikwisha kuisema, na ilikuwa ndogo.

"Watakufukuza?"

"Nadhani. Au watanipeleka mahakamani. Sijui."

"Mkeo anajua ulichokisema?"

"Bado."

Twalibu akashusha pumzi. Akaingia pembeni kwenye nyasi, akazikanyaga, akaacha njia wazi.

"Pita."

"Mimi?"

"Pita mbele. Siwezi kutembea na wewe nyuma yangu."

Kasiani akapita. Palikuwa pembamba na mabega yao yalikaribia kugusana, na kila mmoja alijibana ili yasigusane. Kisha akawa mbele. Alisikia nyasi zikifunguka, halafu hatua za mzee zikaanza, nzito, zikiburuta kidogo. Hakugeuka. Masikio yalimuwaka, na shingo, na ngozi yote ya mgongoni chini ya sare iliyopigwa pasi.

Walitembea hivyo. Njia ilipoanza kuteremka, sauti ikatoka nyuma:

"Taratibu. Magoti yangu hayawezi."

Kasiani akapunguza mwendo.