Picha ya Nne ya Bwana Koti

Mpaka leo ukitaka watu wa Mpui wagombane, taja picha ya nne ya Bwana Koti. Wapo wanaosema iliharibu zote tatu za mwanzo, kwamba tangu waione hawawezi kuzikumbuka zile za zamani bila kukunja uso. Josefina, jirani yangu, ana msimamo wake: za kweli ni tatu, ya nne haipo, walioitengeneza walikuwa wamelewa. Wanabishana kwenye pombe, wanabishana wakitoka kanisani. Mimi hunyamaza. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, na leo nitalisema, maana nimechoka kusikia watu wakiililia sinema kana kwamba wao ndio walioumizwa.

Naitwa Bertilla. Siku hizo nilikuwa mke wa Flavian, ingawa Flavian mwenyewe hakuwepo. Alikwenda Zambia, migodini, mwaka sitini na nne, akaniacha na Kristiana anatambaa. Aliandika barua mbili, kisha kimya. Kabla ya kuondoka alinitengenezea mlango wa mninga, akauchonga mwenyewe kwa mikono yake, mlango mzito ambao hapa kwetu hakuna aliyekuwa nao. Akaniambia, huu utakulinda mpaka nirudi. Nikaamini, kwa nini nisiamini?

Sasa Bwana Koti. Palikuwa na gari la sinema lililokuja kutoka Sumbawanga mjini, lina jenereta na kitambaa cheupe, likipita kwetu mara moja kwa mwaka, ukiwa na bahati mara mbili. Picha zilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya misa, ndani ya ghala la mahindi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kuwe giza. Tulikaa sakafuni tumebanana, dawa ya wadudu inatuwasha pua, hakuna aliyejali. Picha zenyewe zilikuwa za nchi ya mbali, sijui ipi, nchi ya Wazungu lakini Wazungu maskini, wachunga mbuzi, wanaoishi mlimani kwenye baridi kama hii yetu ya Ufipa. Ndiyo maana tulizipenda. Mzungu anayetetemeka asubuhi akipuliza kuni mbichi huku moshi unamtoa machozi, huyo ni ndugu yako kabisa. Jina lake halikutamkika. Alivaa koti moja refu la ngozi ya kondoo tangu mwanzo mpaka mwisho, basi tukamwita Bwana Koti.

Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza nani alikijua? Alikijua Eustaki. Huyu alisoma seminari miaka minne kabla ya kufukuzwa kwa ubishi, na gari la sinema likamwajiri awe mkalimani. Alipunguza sauti ya mashine, akashika kipaza sauti, akatueleza kila kitu, akichomeka Kifipa pale alipoona Kiswahili hakina chumvi. Eustaki na Flavian walikua pamoja, walichunga pamoja. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita shemeji.

Picha ya kwanza, Bwana Koti alikataa kumpigia magoti mwenye mashamba. Ya pili, walimfunga akatoroka chini ya mzigo wa nyasi. Watoto waliozaliwa mwaka ule, wawili waliitwa Koti, na padri akakataa kuwabatiza kwa jina hilo. Ya tatu ilikuja mwaka sitini na tisa. Bwana Koti anakwenda mbali kuchimba makaa ya mawe, mkewe anabaki. Miaka inapita. Majirani wanahama mmoja mmoja kwenda bondeni, mke anakataa kuhama. Kila jioni anafungua mlango anatazama njia. Mwishoni kabisa, theluji inaanguka, mtu anapanda njia ile. Tunamwona mgongo tu, na lile koti. Anabisha hodi. Mke anafungua, anamtazama, anaambiwa kitu, anaangua kilio. Hapo Eustaki akanyamaza kidogo, kisha akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, "Amerudi. Amemkuta palepale alipomwacha." Ghala zima likalia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, Kristiana kalala mapajani, nililia mpaka kifua kikaniuma.

Nikabeba maneno yale nyumbani. Palepale alipomwacha. Sikuyaona kama maneno ya sinema, mimi niliyaona kama agizo.

Basi ikafika mwaka sabini na nne, mwaka wa operesheni. Kila mtu ahamie kijiji cha ujamaa, kule kando ya barabara. Wenzangu walibomoa, wakabeba miti na vyungu, wakaondoka. Kufika mwezi wa nane, bonde letu lote nilikuwa nimebaki mimi, Kristiana na kuku sita. Fisi walipita uani kana kwamba ni kwao. Kristiana alikuwa na miaka kumi na mmoja, akitembea peke yake mwendo wa saa moja na nusu kwenda shule, na saa moja na nusu kurudi. Mahindi ya msaada yalipogawiwa, sisi hatukuwa kwenye orodha.

Mwenyekiti Evaristi alikuja mara tatu. Ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Mara ya tatu alikaa juu ya kinu akaniambia kwamba Jumatatu watu wa wilaya wanakuja, na nyumba watakazokuta bado zimesimama zitachomwa. Akanisihi nimfikirie mtoto. Nikamwambia wachome, na mimi nitakuwa ndani. Nikamuuliza, mume wangu akirudi atanikuta wapi? Akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniudhi kuliko moto wenyewe. Watu walishaanza kuniita Mama Koti, wengine kwa kunicheka, wengine kwa heshima. Mimi nililichukua jina hilo kwa mikono miwili.

Jumapili, siku moja kabla ya moto, gari la sinema likaja. Picha ya nne! Miaka mitano tumengoja, tukidhani zimekwisha. Nikamshika Kristiana mkono tukaenda. Nje ya ghala nikamkuta Eustaki kasimama, mikono mfukoni, hana kipaza sauti. Safari hii picha ilikuwa imetiwa Kiswahili hukohuko ilikotengenezwa, mkalimani hahitajiki tena. Akanivuta pembeni akaniambia picha hii ni mbaya, ameshaiona mjini, heri nirudi nyumbani. Nikamcheka. Nikadhani ni wivu, mashine imemnyang'anya mkate wake. Nikamwambia, shemeji, mimi siondoki hata unibebe.

Nikakaa mstari wa mbele, kama kawaida yangu.

Picha ikaanza pale ile ya tatu ilipoishia. Theluji ileile, njia ileile, mgongo uleule na koti. Ghala likashangilia. Mtu akabisha hodi, mke akafungua. Lakini sasa picha ikageuka, ikatuonyesha uso wa yule mtu, na hakuwa Bwana Koti. Alikuwa kijana mwembamba, hatujawahi kumwona. Akavua lile koti, akamkabidhi mwanamke, akasema kwa Kiswahili safi ambacho hata mtoto angekielewa, "Kanituma nikuletee koti. Yeye haji."

Nikajiambia nimesikia vibaya, lakini nyuma yangu ghala zima lilikuwa limekufa ganzi, hata watoto wachanga. Halafu yakaja yaliyobaki. Bwana Koti mwenyewe, mzee, kanenepa, kavaa tai, anakaa mjini nyuma ya kaunta ya duka lake, ana mke mwingine na watoto wakubwa. Akampigia magoti yule mwenye mashamba wa picha ya kwanza amkopeshe shehena. Alipiga magoti kweli, nimemwona kwa macho yangu. Na mke wake wa mlimani walimwonyesha mara moja tu, kaburi, halina hata jina.

Taa zilipowaka watu walikuwa kama waliotoka msibani. Wengine walimkasirikia fundi wa mashine, wakasema kaleta picha ya uongo. Josefina alikuwa anapiga kelele kwamba huyu siye, wamemtafuta mtu mwingine wakamvisha jina. Watu wazima walikuwa wanalia kwa hasira. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nafikiria kitu kimoja: yule mwanamke wa picha ya tatu hakulia kwa furaha. Tulimwona wote akilia, na mtu mmoja akatuambia ni furaha.

Nikamfuata Eustaki nyuma ya ghala. Alikuwa kaegemea ukuta, ananisubiri, nadhani alijua. Nikamuuliza kama mwaka sitini na tisa alisikia yule kijana alichosema mlangoni. Akasema alisikia. Nikamuuliza kama alikielewa. Akasema alikielewa. Nikamwambia amenifunga kamba miaka mitano kwa ulimi wake, kwamba kesho wanakuja kunichomea nyumba na mimi nimekaa humo kwa sababu ya maneno yake, na mwanangu anapishana na fisi kwa sababu ya maneno yake. Nilisema mengine pia ambayo siyarudii, kanisa lilikuwa karibu. Nikamuuliza kwa nini. Hakuwa na haja ya kunipenda wala kunichukia, sinema ilikuwa ya watu wote, kwa nini aigeuze?

Eustaki akakaa chini kabisa, vumbini, na suruali yake ya kazi.

"Wiki mbili kabla ya siku ile gari letu lilikuwa Tunduma," akasema. "Flavian alikuja kutazama sinema. Alikuwa na mke na watoto wawili. Aliniambia nikifika nyumbani nikuambie usimsubiri."

Nikaushika ukuta wa ghala.

"Yule kijana wa mlangoni ni mimi, Mama Kristiana. Nilikuja na ujumbe wangu, nikakukuta mstari wa mbele unalia kabla hata picha haijaisha. Ikanishinda. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake ulikuwa unaimba kisimani, kila mtu alisikia."

Nakumbuka niliona mdudu mwekundu anapanda ukuta wa ghala, nikamwangalia mpaka alipofika juu. Flavian yu hai. Alikuwa Tunduma, mwendo wa siku moja kwa lori. Alitazama sinema, pengine hata alicheka. Hakufa mgodini kama nilivyoogopa usiku na mchana, hakupotea njia, hakuibiwa barua. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwa rafiki yake akamwambia ujumbe wa maneno mawili, na yule rafiki akauficha miaka mitano ndani ya sinema. Sikujua nimchukie nani kwanza. Nilitaka kumpiga Eustaki, mkono ukakataa kuinuka.

Nikamwambia kitu kimoja tu. "Kesho alfajiri uwe kwangu. Uje na kamba."

Hata neno shemeji nililiacha palepale nyuma ya ghala, na sijalitumia kwake tena.

Alikuja kabla jogoo wa pili hajawika. Tukang'oa mlango wa mninga kwenye fremu yake. Ulikuwa mzito kama ng'ombe mgonjwa, nami nikaufunga mgongoni mwa Eustaki kwa ile kamba, nikakaza vizuri. Mimi nilibeba vyungu, Kristiana kuku. Watu wa wilaya tulipishana nao njiani, Evaristi yuko mbele yao, akasimama akautazama ule mlango unaotembea na miguu ya mtu chini yake. Hakuuliza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaendelea. Eustaki aliomba kupumzika mara mbili nikamkatalia. Mara ya tatu, karibu na barabara, aliniuliza kama nitamsamehe. Nikamwambia kwanza mlango usimame. Moshi wa nyumba yangu tuliuona nyuma yetu tukiwa tumeshafika, na niliutazama mpaka ukaisha, maana sikutaka tena mtu mwingine anisimulie.

Mlango ule ndio huu ninaoufunga kila siku. Flavian ni fundi mzuri, hilo sitamnyima.

Mwaka uliofuata gari lilirudi na picha ileile ya nne, lakini sauti ya mashine ilikuwa imeharibika, midomo inachezacheza kimya. Watu wakafurahi. Wakamtafuta Eustaki, wakamwekea kipaza sauti mkononi, Josefina wa kwanza, wakamwomba awape picha yao. Walimwambia waziwazi: tia mwisho mzuri, kama ulivyofanya ile ya tatu, uturudishie Bwana Koti wetu. Ghala lilijaa mpaka nje. Theluji ikaanza kuanguka, mtu akapanda njia, akabisha hodi. Eustaki akanitafuta kwa macho gizani, mstari wa mbele, akanipata. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Kanituma nikuletee koti. Yeye haji."

Walimzomea vibaya, wakamrushia mahindi. Alisimama palepale akaendelea kutafsiri, neno kwa neno, mpaka kwenye kaburi. Mimi sikulia. Nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamngoja mlangoni mwa ghala, nikampangusa vumbi la mahindi begani.