Mrushaji wa Namba Kumi na Nne

Keziah Sugden aliweka mdomo kwenye tundu la kibao cha uzi, akavuta pumzi kwa nguvu, uzi ukamrukia ulimini pamoja na vumbi lake. Akatema pembeni, akakirudisha kibao kwenye mtambo wa kufumia, akavuta mkono wa chuma. Mitambo yake minne ilikuwa ikipiga kelele pamoja na mingine mia tano, na sakafu ya mawe ilitetemeka hadi nyayo zikamwasha ndani ya viatu vya mti.

Ng'ambo ya kijia, Dinah Pomfret aliinua uso. Walikuwa majirani kiwandani na majirani mtaani. Dinah alipanua midomo bila kutoa sauti. Mle ndani hata upige yowe hakuna wa kukusikia, kwa hiyo wanawake wa Netherclough walizungumza kwa midomo tu, kila neno wakilivuta na kulikunja mpaka mtu wa hatua hamsini alione. Msichana akianza kazi alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kufunga fundo.

"Shoga, ni kweli mumeo Enoch anarusha leo kwenye kriketi?"

"Anarusha."

"Jana nilimsikia anakohoa, ukuta mzima unatikisika. Mume wangu akasema hawa majirani wamefuga mbwa lini?"

"Mwambie mbwa mwenyewe leo anang'ata."

Dinah alicheka, mabega yakicheza. Kisha akakunja uso na kuinamia kazi yake, na Keziah akajua kuna mtu nyuma yake.

Alikuwa Bwana Tattersall, karani wa nyumba za kiwanda, mtu mwenye shingo ndefu aliyetembea na daftari kwapani hata akienda kanisani. Alimsogelea na kumpigia kelele sikioni, akimrushia mate. Keziah hakusikia kitu. Alimtazama mdomo.

"Mrushaji mpya amepatikana. Anatoka Yorkshire. Jumatatu anashuka stesheni na mkewe na masanduku yake."

"Tumesikia, bwana."

"Nyumba namba kumi na nne ni ya mrushaji. Haina jina la mtu. Wewe unalijua hilo."

"Enoch ni mrushaji. Jina lake liko kwenye orodha ya leo, nimeliona mlangoni."

"Akirusha leo mpaka zamu zake ziishe, basi ni mrushaji, na huyu wa Yorkshire tutamtafutia pengine. Ndivyo alivyosema Bwana Roland, na Bwana Roland hageuki." Tattersall alipiga daftari lake kwa kidole. "Asipoweza, saa nane mchana Jumatatu nataka ufunguo."

Alipoondoka, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika kwenye mtambo wa tatu na kitambaa kimeingia mstari. Hilo lingekatwa kwenye mshahara wake. Keziah aliuzima mtambo, akaanza kuunganisha nyuzi, na vidole vyake, ambavyo kwa miaka kumi na minne havikuwahi kukosea fundo, vilikosea mara tatu.

*

Bwana Roland Ackersley alikuwa na kiwanda, mitaa sita ya nyumba, kanisa alilolijenga babake na uwanja wa kriketi uliokuwa laini kuliko kitanda cha mtu yeyote mjini. Watu walimwita Bwana Roland kwa sababu Bwana Ackersley alikuwa babake, na ijapokuwa mzee alikuwa kaburini mwaka wa tisa, hakuna aliyethubutu kumpa mwingine jina lile. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya Krismasi alipeleka nyama kwa wajane. Lakini kilichomfanya aamke asubuhi kilikuwa kriketi. Alikuwa nahodha wa timu ya kiwanda, na mtu akiomba kazi alimtazama mabega kwanza kisha ndipo amuulize jina.

Miaka minne nyuma Enoch Sugden aliwatoa wapigaji wanane wa timu ya Wharmley alasiri moja. Bwana Roland alimkumbatia mbele ya mji mzima, akamkabidhi ufunguo wa namba kumi na nne. "Mrushaji wangu halali chini ya paa linalovuja," alisema, na watu wakarusha kofia juu. Vyumba viwili juu, viwili chini, bomba la maji uani. Keziah aliingia na watoto wawili, wa tatu akazaliwa mle mle.

Ila kati ya Jumatatu na Jumamosi mchana, mrushaji huyo alifanya kazi chumba cha kuchambulia pamba, ambako vumbi linaelea jeupe hata ukimtazama mwenzako humwoni vizuri. Vumbi lilimkaa kifuani. Mwaka huo wa nne akipanda ngazi za nyumbani alipumzika katikati.

Saa sita honi ya kufunga kazi ya Jumamosi ililia. Keziah alimkuta mumewe jikoni amevaa suruali nyeupe ya kriketi, ameishika kiunoni kwa mkono.

"Imepanuka," alisema Enoch.

"Wewe ndiye uliyepungua. Simama wima." Alimkunja suruali nyuma kwa pini mbili, akashusha sweta juu yake. Mezani kulikuwa na mkate na mafuta ya nyama. Enoch alikuwa amekula upande mmoja tu. "Kula, baba Nell. Utarusha kwa upepo?"

"Nikishiba napumua juu juu." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamshika akaegemea meza. Keziah alisubiri. Kilipopita alisema, "Zamu nane, mke wangu. Mipira sita kila zamu. Nimehesabu, ni arubaini na minane. Hata mpira mmoja wa mwisho unahitaji pumzi."

"Utanitazama mimi. Nitakaa kwenye kamba, mkabala na wewe. Ukizidiwa niambie kwa midomo kama nilivyokufunza, nami nitakwambia la kufanya. Nani atajua? Mabwana watadhani tunatafuna."

Hapo Enoch alicheka kweli.

*

Wharmley walianza kupiga. Wanawake wa kiwandani, kama mia mbili hivi, walijipanga kwenye kamba upande wa jua, na shali zao mabegani. Ng'ambo, kwenye banda lenye rangi mpya, walikaa wake wa mabwana na Tattersall na daftari lake.

Bwana Roland alimtupia Enoch mpira. Enoch alikimbia hatua tisa, akarusha. Mpira wa nne ulidunda, ukapinda, ukang'oa kigingi cha kati nyuma ya mpigaji, naye akatolewa. Uwanja ulilipuka. Dinah alimpiga Keziah mgongoni hadi shali ikadondoka.

"Mbwa kang'ata! Mbwa kang'ata, shoga!"

Keziah alikuwa hapigi makofi. Alikuwa akitazama midomo ya mumewe.

Zamu ya pili ilipita. Ya tatu ikapita, hatua tisa zikiwa saba. Katika zamu ya nne Enoch alisimama mwanzo wa mbio zake, mpira mkononi, akamtafuta mkewe kwa macho.

"Keziah. Pumzi haishuki."

"Funga kiatu," alimjibu kwa midomo. "Inama, ufunge kiatu polepole. Hesabu ishirini."

Enoch aliinama, akafunga kiatu. Akainuka, akarusha. Kisha akafunga kile kingine. Baada ya mpira uliofuata akarudia cha kwanza, na vijana wa Wharmley wakaanza kumzomea.

"We mzee! Hivyo viatu au milango mibovu, mbona havifungiki?"

"Mnunulieni kamba jamani!"

"Siwezi tena," ilisema midomo ya Enoch. Ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya jivu.

"Unaweza. Jumatatu wanataka ufunguo, baba Nell. Usikohoe mbele ya Bwana Roland. Kikija, kimeze. Mpe mgongo, ukimeze."

Ndipo alipomwona Bwana Roland. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Enoch, mikono magotini, kama nahodha anayesubiri mpira. Ila hakuwa akimtazama mpigaji, wala Enoch. Alikuwa akimtazama yeye, Keziah, mdomoni.

Akaifunga midomo, akamgeukia jirani yake.

"Dinah," alisema, sasa kwa sauti. "Bwana Roland anajua midomo?"

Dinah alifikiri, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu. Babake alimtia karakana yetu mwaka mzima akiwa na miaka kumi na sita, ajifunze kazi. Marehemu mama yangu ndiye aliyemfundisha midomo. Tulisahau. Sote tulisahau."

Miaka yote hiyo alikuwa akipita kati ya mitambo kila Jumatatu asubuhi, akitabasamu, na wao wakimsema mbele ya uso wake: tumbo lake, mke wake, ubahili wa mafuta ya taa. Hakuwahi kuonyesha.

Bwana Roland alimwendea Enoch, akautoa mpira mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemchukulia mgonjwa kikombe. Akamwekea mkono begani. "Inatosha, Enoch. Umetutumikia vizuri." Akaanza kupiga makofi mwenyewe, na mabwana bandani wakasimama kupiga makofi, na Wharmley pia, maana huo ndio uungwana wa mchezo. Enoch alitoka uwanjani katikati ya makofi hayo, akishikilia suruali yake. Pini moja ilikuwa imefunguka.

Bandani, Tattersall alilowesha ncha ya penseli ulimini, akaandika.

*

Wakati wa chai Keziah alivuka uwanja. Hakuna mfumaji aliyewahi kuvuka nyasi zile. Bwana Roland alikuwa na kikombe mkononi.

"Bibi Sugden." Alivua kofia. "Mumeo ni mgonjwa sana. Kwa nini mlinificha?"

"Ungejua ungefanya nini, bwana?"

"Ningempumzisha mapema. Si haki kumrushisha mtu katika hali ile. Ni mateso."

"Ungempumzisha wapi?"

Bwana Roland alitazama ndani ya kikombe.

"Namba kumi na nne ni nyumba ya timu," alisema. "Sikuiweka sheria hiyo kwa ajili yenu. Nikiivunja kwa mtu mmoja, mwenye shida mwingine atakuja kesho, naye nitamwambia nini? Mchezo ni mchezo kwa sababu sheria ni moja kwa wote. Enoch mwenyewe atalielewa hilo."

"Wapi, bwana?"

"Kuna hospitali ya wilaya..."

"Ile ni nyumba ya maskini. Wanaingiza mume mlango huu na mke mlango ule. Watoto wanakwenda kwingine."

Kengele ya kurudi uwanjani iligongwa. Bwana Roland aliweka kikombe, akachukua gongo lake la kupigia mpira kwa haraka ya mtu aliyeokolewa.

Sasa ilikuwa nafasi ya Netherclough kupiga, na siku ile alipiga vizuri kuliko siku zote, kila mtu alikubali. Enoch alikuwa amelala kwenye nyasi nyuma ya kamba, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, kifua kikipiga mluzi. Mpira ulipopita chini ya kamba mara ya nne, Dinah alisema, "Amebakiza alama moja afike hamsini."

Mtu akifika hamsini, uwanja wote humpigia makofi, naye huinua kofia pande zote nne. Bwana Roland hakuwahi kuruka upande wa wafumaji. Babake ndiye aliyemfundisha.

Keziah aligeuka. Midomo yake ikasema, "Wenzetu wasipige makofi. Wamuulize."

"Wamuulize nini?"

Alimwambia. Dinah akamgeukia wa pili yake. Neno lilikwenda kwenye kamba kutoka shali hadi shali, bila sauti, kwa kasi ya moto kwenye pamba.

Bwana Roland alipiga, akakimbia, akafika. Banda lilisimama kumpigia makofi. Aliinua kofia kwao. Akainua kwa Wharmley. Akainua upande wa kanisa. Kisha akageukia upande wa jua, kofia juu.

Wanawake mia mbili walikuwa wamesimama, mikono ndani ya shali. Hakuna aliyepiga kelele. Kelele humfukuzisha mtu kazi. Midomo ilifunguka pamoja, ikakunjika pamoja, polepole, kama wanavyomfundisha mgeni.

*Atapumzika wapi?*

Mabwana bandani walidhani wanawake wale wamechoka na jua. Mchungaji alisema baadaye kwamba palitulia hata akasikia ndege. Kofia ya Bwana Roland ilibaki hewani.

*Atapumzika wapi?*

Aliivaa kofia, ikakaa upande. Akarudi mahali pake, akawapa mgongo. Hakutolewa. Aliendelea kupiga mpaka jioni, akafikisha themanini na tatu, na Netherclough wakashinda.

*

Jumatatu saa nane mchana Tattersall alichukua ufunguo. Keziah, Enoch na watoto walihamia chumba cha chini ya ardhi kwa dada yake Enoch, mtaa wa mfereji, ambako maji hupanda ukutani mpaka usawa wa kiuno cha mtoto. Dirisha lake lilionyesha miguu ya wapita njia.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya ufunguo kutoka, Bwana Roland alikuwa amepita karakana kama kawaida yake. Wanawake walisubiri amtaje wa kufukuzwa. Lakini angemfukuza nani, na kwa kosa gani? Alipita kijia chote akitazama sakafu, viatu vyake na matundu ya mawe, kama aliyedondosha kitu. Alifanya hivyo Jumatatu iliyofuata, na iliyofuata.

Keziah alikuwa akingoja mpaka afike usawa wa mtambo wake wa tatu. Hapo alivuta uzi kwa mdomo, akatema vumbi, akamwelekezea uso.

"Wapi?" alisema.

Bwana Roland alihesabu mawe, akapita.