Mvinyo wa Ndimu Hautiwi Sukari

Kaka yake Ndimu alishuka ngazi za ghala akiwa amebeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaitua juu ya meza ya kazi, akapangusa viganja kwenye suruali. Ndimu alijua kilichomo kabla haijafunuliwa. Sukari iliyoyeyushwa ina harufu yake, nzito, ya kubembeleza, na pua ya Ndimu haikuwa pua ya kudanganywa.

"Kijiko kimoja kikubwa kila chupa," kaka yake alisema. "Mnunuzi wa mahoteli anakuja Alhamisi. Anataka kitu kitamu."

"Hizi sizitii sukari."

"Dada, sikuja kukuuliza."

"Wala mimi sijajibu swali. Nimekuambia tu."

Jina la Ndimu alipewa na wafanyakazi, na alilipokea bila kununa. Lilianza msimu ule alioamuru zabibu zikatwe wiki mbili mapema, zingali ngumu na za kijani. Kila mtu alimwona amechanganyikiwa. Yeye alichuma moja, akaitafuna pamoja na kokwa zake, taratibu, kama mtu anayekula karanga, na uso haukukunjamana hata kidogo. Katika uchachu ule alikuwa ameonja kitu kilichosimama wima, kisichotaka kuegemea popote. "Huyu mama ni ndimu tupu," alisema fundi wa vizibo, na jina likaganda.

Baba yao alipofariki, kazi iligawanyika yenyewe. Kaka alikaa juu, ofisini, na simu na wateja. Ndimu akakaa chini, na mapipa na chupa. Karatasi zilisema kiwanda ni cha kaka. Mazoea yalisema ghala ni la Ndimu. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelazimika kuuliza kipi kina nguvu zaidi, kwa sababu Ndimu alikuwa mtu wa "haya, kaka." Akiambiwa ongeza, anaongeza. Akiambiwa punguza, anapunguza.

Ila mvinyo huu, wa zabibu zile zilizokatwa mapema, ulikuwa mwingine. Aliutia chupani na hamira kidogo, akaufunga, nao ukachachuka mara ya pili humo humo na kujizalia mapovu. Kisha akauacha ulale juu ya mashapo ya hamira ile kwa miaka mitatu mizima. Miezi miwili iliyopita alizipanga chupa zote elfu moja na mia mbili kwenye mbao zenye matundu, shingo chini, na kila asubuhi alipita akizizungusha moja moja, robo ya mzunguko, mpaka mashapo yakateremka yote shingoni. Vidole vyake viliota sugu. Sasa ilibaki kugandisha shingo, kufungua, kuyaacha mashapo yaruke nje, kujaza pale palipopungua na kupiga kizibo. Katika kule kujaza ndiko watu hutia sukari.

"Nani atakunywa mvinyo mkavu?" kaka yake aliuliza. "Hata neno lenyewe sijawahi kulielewa. Kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu?"

"Mkavu maana yake hauna utamu wa kujificha nyuma yake. Umeuonja?"

"Nimeuonja. Umenikwangua ulimi."

"Uliuonja umesimama mlangoni, simu sikioni."

Kaka aliiacha ndoo pale pale mezani, akapanda ngazi bila kuaga.

Jumatano asubuhi Ndimu alikwenda kwa daktari wa meno, maana jino lilikuwa limemsumbua wiki nzima na hakutaka kukutana na mgeni akiwa na shavu lililovimba. Aliporudi saa sita mchana, upande mmoja wa mdomo ungali na ganzi, alimkuta fundi wa vizibo amesimama pembeni ya mashine yake, macho sakafuni. Ndoo ilikuwa wazi. Chupa sitini zilikuwa zimeshafungwa na kupangwa kwenye kreti.

"Alishuka mwenyewe," fundi alisema. "Akakunja mikono ya shati. Alisema mmekubaliana."

"Ukaamini?"

"Sikuamini, mama. Lakini ndiye bosi."

Ndimu hakumgombeza. Alisubiri ganzi iishe, akakaa juu ya kiti chake kifupi cha mbao, akafungua chupa moja kati ya zile sitini na kumimina kidogo kwenye bilauri. Alitaka kuwa mwadilifu. Pengine alikuwa mbishi tu, pengine kaka yake aliona asichokiona yeye. Akanusa, akaonja, akauzungusha mdomoni.

Haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililomuuma. Ulikuwa mvinyo wa kupendeza, wa kumchekea kila mtu. Lakini sukari ilikuwa imetangulia mbele kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Tufaha bichi alilolijua lilikuwa limegeuka tufaha la kuchemshwa. Kile kitu kilichosimama wima kilikuwa kimekalishwa chini. Na ladha ilikatika mapema, ikaacha unato kwenye midomo.

Aliutema kwenye ndoo, akamwomba fundi atoke, akafunga mlango wa ghala kwa ufunguo na kuutia ufunguo kifuani. Kaka yake alikuja kubisha hodi saa kumi.

"Fungua."

"Kuanzia leo, anayetaka kushuka ataniomba mimi."

"Nitamwita fundi wa kufuli."

"Mwite. Atanikuta nimekaa na kiti changu nyuma ya mlango."

Alikiburuta kiti mpaka mlangoni, akakikalia. Alisikia viatu vya kaka yake vikisimama pale kwa muda mrefu, halafu vikaondoka. Fundi wa kufuli hakuja.

Alhamisi mnunuzi alifika, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na kauli fupi fupi. Kaka alimkaribisha katika chumba cha wageni, akafungua chupa mojawapo ya zile sitini. Walikuwa wamefika mbali katika mazungumzo Ndimu aliposukuma mlango kwa kiwiko. Alikuwa amebeba chupa moja ya baridi aliyoitoa mashapo na kuifunga, bila sukari, kwa mikono yake asubuhi ile, na bilauri tatu.

"Dada, tuna mazungumzo hapa."

"Endeleeni. Mimi namimina."

Kaka alimkazia macho. Ndimu alimimina kwa kuuinamisha mkono, bila haraka, akamsogezea mnunuzi bilauri.

"Usinywe kwanza," alisema. "Usikilize."

Mnunuzi akamtazama kana kwamba anatafuta utani. Kisha akaisogeza bilauri karibu na sikio. Mapovu yalikuwa madogo mno, yakipanda kwa mistari iliyonyooka, na sauti yake ilikuwa ya manyunyu juu ya majani.

"Sasa nusa. Ganda la limau litakuja kwanza. Vuta tena, nyuma yake kuna mkate uliotoka tanuri sasa hivi, lile ganda lake la juu. Hiyo ndiyo miaka mitatu iliyolala na hamira."

Mnunuzi akanusa, akanywa. Mashavu yake yaliingia ndani kidogo. Ndimu naye akanywa, ingawa hakuwa na haja. Tufaha bichi lililoumwa sasa hivi. Mapovu yaliutekenya ulimi bila kuuchoma. Ule uchachu ulisimama katikati ya kinywa, safi, haukuomba radhi, halafu ukaacha nyuma uchungu kidogo wa lozi na chumvi ya mbali. Ladha ilibaki muda wa kutosha mtu kuvua koti, kulitundika na kuketi.

"Ni mkali," alisema mnunuzi.

"Ni mkavu. Kali ni siki."

"Wageni wangu wengi watauonja mara moja na kuuacha mezani."

"Wauache."

Kaka alikohoa. Mnunuzi aliweka bilauri chini na kumgeukia yeye.

"Nitakuwa mkweli. Ninachoweza kuweka hotelini ni ule mtamu. Nataka chupa elfu moja."

Kaka alimgeukia dada yake, na usoni mwake mlikuwa na ushindi ambao hata hakujaribu kuuficha. Ndimu alikuwa ameingia akiamini kwamba mvinyo ungejitetea wenyewe. Ulikuwa umejitetea, na bado haukutakiwa.

"Za mtamu zilifungwa chupa sitini tu, na hazitaongezeka," alisema. "Kuna mvinyo wa msimu uliofuata. Zabibu zake ziliiva vizuri, unapokea sukari bila ugomvi. Huo nitakutengenezea mwenyewe na utaupenda. Huu, hapana."

"Na kaka yako akisema ndiyo?"

"Ufunguo wa ghala ninao mimi."

Mnunuzi aliwaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akakubali huo wa msimu uliofuata mradi uwe tayari kwa wakati. Kabla hajafunga mkoba wake, aliisukuma tena ile bilauri kuelekea kwa Ndimu. "Niongezee kidogo," alisema. "Huu si wa wageni. Wangu."

Alipoondoka, kaka alifunga mlango. "Umenivua nguo mbele ya mtu."

"Nawe ulitia mkono kwenye kazi yangu mimi nikiwa nimelala kwa daktari, mdomo wazi."

"Jina la baba halitakaa kwenye chupa hizo. Ukitaka mvinyo wako, ubaki na wako."

"Sawa," alisema Ndimu, na safari hii hakuongeza neno kaka.

Kwa hiyo chupa zake zilitoka na karatasi nyeupe yenye mwaka na neno moja tu: Mkavu. Ziliondoka polepole. Wa kwanza kununua alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye siku ya tatu alirudisha chupa nusu akidai imeharibika. Ndimu alimvutia kiti, akaipooza chupa nyingine kwenye barafu, akamwekea na samaki wa chumvi kwenye kisahani, akamwambia anywe bila kumtafuta mtu wa kumlaumu. Mwalimu aliondoka bila kusema kama ameupenda. Wiki iliyofuata alirudi na mke wake. Zile za sukari zilizobaki walizinywa wafanyakazi katika sherehe ya kufunga mwaka, wakazisifu sana, na Ndimu akavumilia.

Yeye na kaka yake waliongea mambo ya kazi tu kwa miezi minane. Siku moja mchana kaka alibisha hodi kwenye mlango wa ghala, akangoja mpaka akafunguliwa.

"Nina wageni juu. Wameulizia chupa yako."

"Ipi?"

"Unajua ipi."

"Chupa ziko nyingi humu."

Akavuta pumzi. "Huo mkavu."

Ndimu alikwenda kuichukua. Aliporudi, kaka yake alikuwa ameketi juu ya kiti kile kifupi, magoti yamempanda karibu na kidevu.

"Nimiminie kwanza mimi," alisema. "Wasije wakaniuliza nikaropoka."

Akammiminia. Kaka alinusa kwa muda, akanywa, akafumba macho.

"Hii chumvi inatoka wapi?"

"Wengine wanasema ni udongo. Wengine wanasema hamira. Mimi sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Onja tena."

"Wageni wananingoja."

"Wangoje," alisema Ndimu, na kumwongezea.