Maombi Bila Amina

Fundi bomba alikuwa na kipaji cha kuomba, na hilo hata wasiompenda walikubali. Penye harusi aliitwa, penye msiba aliitwa, na akishafumba macho hata watoto watundu walitulia. Nyumbani kwake utaratibu ulikuwa mmoja tangu alipooa: yeye anaomba, mkewe anaitikia amina, ndipo mtu anagusa chakula. Bila amina ya mkewe, yeye hali chakula. Aliliweka hilo wiki ya kwanza ya ndoa, na kwa hilo alikuwa mtu wa neno lake.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja kubwa. Kutwa alisimama kwenye mvuke akinyoosha mashuka ya watu asiowajua, na jioni alirudi yeye mwenyewe akiwa amekunjamana. Jioni hiyo alipika, akapakua, akaketi. Mzee wake akaanza.

Aliombea viongozi. Aliombea mvua. Aliombea wagonjwa, nusura ataje kitanda kwa kitanda. Mchuzi ukaanza kufanya utando. Kisha, kwa ile sauti ya kutetemeka inayowatoa watu machozi, akasema, "Na uwakumbuke, Baba, wote walio mbali na makwao, wasio na wa kuwafungulia mlango."

Mkewe akafumbua macho.

Maana binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa mbali na kwao, na aliyemfukuza ni huyu huyu aliyekuwa akitetemesha sauti. Kosa lake? Siku moja, mbele ya wageni, chakula kikipoa, aliuliza, "Baba, haya ni maombi au hotuba?" Wageni wakacheka. Walipoondoka tu, mzee akamwambia binti asikanyage tena pale. Sasa ilikuwa miaka miwili anaishi kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa nyuma tu, na siku zote hizo baba yake hakuwahi kumtaja katika maombi. Mvua aliiombea mpaka ikafurika, lakini damu yake mwenyewe, kimya! Haya nayo ni maombi gani?

"Amina," mzee akamaliza. Hakuna aliyejibu. Akakohoa, akarudia kwa sauti zaidi, akidhani mvuke wa hotelini umeanza kumziba mwenzake masikio. "Nimesema, amina."

"Nimesikia, baba. Siitikii."

"Huitikii nini?"

"Uongo."

Mzee alitupa jicho kwenye sahani. "Chakula kinapoa, mama."

"Kipoe. Leo naomba mimi."

Hakufumba macho wala hakukunja mikono. Alitazama juu darini, kama mtu aliyechoka kupanga foleni na sasa amefika dirishani.

"Mungu, mimi maneno mazuri sina. Miaka miwili nakuomba kwa kuzungukazunguka: tupe amani, tupe umoja, upendavyo wewe. Nimechoka kuzunguka. Namtaka mwanangu. Namtaka hapa, kwenye kiti hiki kitupu, na namtaka leo. Wewe ndiye uliyenipa, sikumwokota. Na huyu bwana, anayekuombea dunia nzima mpaka mchuzi unaganda, mlainishe moyo. Moyo huo ukikataa kulainika, uvunje. Nina hasira, unaiona, siifichi. Nimemaliza."

"Mungu hasemeshwi hivyo," mzee alinong'ona. Sauti ilitetemeka, na safari hii hakuipanga.

"Ni Baba yangu. Nisipomwambia yeye nimwambie nani, wewe? Haya, itikia."

Hapo ndipo mzee alipoona amebanwa. Akiitikia, amekubali. Asipoitikia, yeye anayewaongoza wenzake katika sala amemnyima Mungu amina mezani kwake mwenyewe. Alimtazama mkewe akitafuta pa kutokea, lakini mwanamke yule alikuwa amekaza macho na hakumsaidia hata kwa kikohozi. Wakakaa hivyo. Jirani alifungua redio, akaizima. Mzee alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu alichokikalia miaka miwili: alimkumbuka mtoto.

"Amina," akasema, kwa taabu, kama anayemeza kidonge bila maji.

Mkewe hakungoja abadili mawazo. Alichukua simu, akabonyeza, akaiweka katikati ya meza, sauti ikiwa wazi.

"Mama," binti aliitika mara moja, "mbona leo mapema? Baba ametoka?"

Mzee aligeuka akamtazama mkewe. Kumbe. Siku zote hizo, kila alipotoka kwenda kuwaombea watu, nyumba hii ilikuwa ikiongea na mwanawe bila yeye. Akaisogelea simu.

"Nipo," alisema.

Kisha binti akasema polepole, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Basi njoo, mwanangu. Na sisi hatujala."