Ukingo wa Pili

Jumamosi nyumba yangu hapa Hamtramck hujaa. Chama chetu cha sarafu huja na lenzi zao, nami nawawekea pierogi, sambusa zetu za kuchemsha, na kahawa, tunasengenya huku tukichambua senti za 1982. Tarakimu za mwaka zikiwa nene na kuusogelea ukingo, senti hiyo tunaiita mwaka mkubwa; zikiwa nyembamba, zimejitenga na ukingo, mwaka mdogo. Kisha unaipima kwenye kimizani cha betri, maana mwaka ule shaba iliachwa ikaingia zinki, na ya shaba ni nzito.

Jumamosi moja kimizani kilianguka nikiwa jikoni. Jirani yangu Bernie Sobczak akakiokota. Niliporudi mezani, mjukuu wangu Kaz, bado ananyonya kidole, alikuwa anatambaa chini ya meza. Mara akakohoa, mate yakamchuruzika.

"Kameza senti huyo!" Bernie akacheka. "Mwaka mkubwa au mdogo, Kaz?"

"Ikiwa ni mdogo wa shaba, ile adimu, wewe ndiye utakayechambua nepi," nikamwambia. Meza nzima ikavunjika mbavu. Nani hajawahi kumeza senti utotoni?

Nikaweka senti yangu kwenye kimizani. Hakikuwaka. Nikakigeuza. Kifuniko hakipo. Kitundu cha betri, duara sawasawa na senti, kitupu.

"Bernie, ulipokiokota, betri ilikuwemo?"

"Sikuangalia, Halina." Cheko lilimkauka mdomoni.

"Washa gari! Washa gari, we mwanaume!"

Betri ile huunguza koo la mtoto kabla hujajua. Njia nzima Kaz alilia kwa sauti iliyokwama, nami namshika kifua, naomba iwe senti, senti yoyote, hata ile adimu kuliko zote.

Hospitalini wakapiga picha. Kifuani mwake, duara jeupe. Nikasogea. Umri wangu wote nimetazama kingo za sarafu, na sarafu ina ukingo mmoja. Hili, ndani ya ukingo, lilikuwa na mwingine.

"Si senti, ni betri!" nikapiga kelele. Daktari alishaona, alikuwa anakimbia na kitanda.

Waliitoa. Koo limeungua, litapona, wamesema.

Kaz aliporudi nyumbani, watu walijaa tena. Ile betri ikazunguka meza ndani ya kikopo, kila mtu akiitazama kwa lenzi. Bernie hakuipokea. Alikuwa amempakata Kaz, na kila nilipomwambia amweke chini, alizidi kumkumbatia.