Mayai Yaliyobaki kwa Nthambi

Mayai yenyewe yalikuwa ya kukaangwa. Nthambi alipewa na mama yake alipomtembelea Kajiado, akaja nayo nyumbani Noonkopir na kuyaacha kwenye kikapu jikoni. Hazikupita siku nyingi kideri kikaingia bandani kwa mama na kufagia kuku wote, wale wa shingo tupu aliowafuga tangu Nthambi hajaota meno. Mama alisema kwenye simu kwamba kuku basi, hataki tena kusikia habari zao. Nthambi akatazama kikapu, na hamu ya mayai ikamtoka papo hapo.

Mashine ndogo ya kuangulia aliinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama. Muuzaji mmoja mjini alitaka kumpa kubwa kama kabati, lakini Nthambi hakuwa na mayai ya kujaza hata kona yake. Aliisugua hiyo ndogo kwa sabuni, akaipangusa kwa maji ya jiki, feni na nyaya akazifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akaianika juani mpaka harufu ya vifaranga wa watu ikaisha. Muteti, mumewe, akasema kochi lao halijawahi kuoshwa hivyo.

Vifaranga walianza kulia ndani ya maganda siku ile ile jumuiya ilipokuja kusali kwake. Nthambi aliyajua masharti: wakianza kutoboa, kifuniko hakiguswi, maana unyevu ukitoka utando unawakaukia na wanafia ndani. Lakini jumuiya nayo ina masharti yake, na la kwanza ni kuonyeshwa kila kitu kipya ndani ya nyumba. Rozari haikuwa imefika katikati na macho yote yalikuwa kwenye mashine.

Baada ya sala, mwenyekiti, Mama Mulwa, akasimama na chupa ya maji ya baraka, akitaka kuyanyunyizia mayai. Muteti, anayependa sifa kuliko chai, alikuwa tayari ameshika kifuniko. Nthambi akakikandamiza kwa mikono yote miwili.

"Hapana," akasema. "Hizi ndizo kuku za mama zimebaki. Mkifungua, nimezikosa zote."

Kumkatalia mwenyekiti baraka ni jambo ambalo lingezungumzwa hadi Krismasi, na Nthambi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, ila mikono haikutoka. Mama Mulwa alimtazama yeye, akaitazama mashine, kisha akauliza kwa upole kama hicho kitu hakinywi maji.

Nthambi alikaribia kucheka. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na tundu la kujazia maji kutoka nje. Akaleta bomba la sindano. Mama Mulwa akavuta maji ya baraka, akayasukuma ndani polepole, na jumuiya nzima ikasema amina.

Kufikia jioni vifaranga walikuwa wakikanyagana juu ya maganda, shingo tupu kabisa. Nthambi alimpigia mama, akaisogeza simu karibu na kelele za vifaranga.



"Nthambi," akasema mama, "usiwalete saa hii. Niliweka kuni kwa banda. Wacha kwanza nizitoe, nioshe, nipake chokaa."