Abiria wa Mushagalusa

Jumamosi asubuhi Mushagalusa alikuwa amekaa mbele ya mlango wake, kule Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, akipanua kaptura. Alikuwa fundi wa kushona, na kwa kawaida nguo alizopanua zilikuwa za watu wengine. Hii ilikuwa yake ya mbio, na kitambaa kilikwisha kabla tumbo halijakwisha.

Kosa lilikuwa la mdomo wake. Alisema mbele ya watu, penye kasiksi, pombe ya ndizi, kwamba ujanani alipanda milima yote ya Walungu na baiskeli bila kushusha mguu. Katibu wa Chama wa mtaa alikuwa anakunywa pembeni, na hakucheka. Kila mtaa ulitakiwa kutoa mtu wa mbio za baiskeli za Bukavu hadi Mwenga, milima mitupu, kusherehekea barabara ya Mwenga iliyotengenezwa. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba imetengenezwa. Nyalukemba ilikuwa haina mtu. Sasa ikawa naye.

"Papa," mke wake Nsimire akamwuliza, "ile kinga ya ujana, ile baiskeli, si ilikuwa ya padri? Si ulikuwa unaisukuma tu?"

"Njo hivyo. Sikudanganya. Sikushusha muguu. Yote mbili ilikuwa chini tangu mwanzo."

Akaanza mazoezi kwenye njia ya Mumosho. Wanawake waliobeba magunia ya mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, walimpita kwenye mwinuko. Walimsalimia kwa adabu, wakampa pole, wakaenda zao. Mushagalusa aliwashukuru kila mmoja, kwa kuwa kushukuru kulimpa sababu ya kusimama.

Karibu na makaburi ya upande wa Ruzizi, mwanamke aliyekuwa amekaa kando ya njia aliinuka, akakung'uta nguo, akapanda kwenye chuma cha nyuma cha baiskeli.

"Endelea tu, papa," alisema.

Mushagalusa aligeuza shingo, akaona mshono wake mwenyewe. Ndiye aliyeshona nguo aliyozikwa nayo mama yule. Wanaume wa Mwenga walimleta mabegani kwenye kipoyo, machela ya miti, kwa ajili ya uzazi mgumu, siku baada ya siku, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, na akakata roho nyumba za mji zikionekana. Gari la kumrudisha halikupatikana, wakamzika hapo makaburini. Wakati huo serikali ilikuwa bado haijakataza majina ya ubatizo, kwa hiyo yeye alibaki Eulalie, wakati Mushagalusa alikuwa amelazimika kuacha kuitwa Adalbert.

"Mukono ya kushoto inabana," alisema maman Eulalie.

"Unisamehe, maman. Walinipa vipimo kwa mudomo."

"Nimesikia unaenda Mwenga."

"Nitaenda, kama moyo haitasimama."

"Ikisimama tutatembea kwa miguu, miye na weye. Kanyaga."

Kuanzia siku hiyo alimchukua kila asubuhi. Wafu wana uzito, na maman Eulalie alikuwa pia na maoni. Alimwambia kwamba anahema kama mvukuto wa mhunzi, na kwamba mbuzi wa Anaclet, mume wake, alipanda mlima vizuri zaidi akiwa amefungwa mguu mmoja. Majirani walimsalimia. Nsimire alimshonea mto wa kukalia, kwa sababu chuma kile kilikuwa kigumu hata kwa mtu aliyekufa.

Miguu ya Mushagalusa ikaimarika. Tumbo halikupungua. Alipojitazama kwenye kioo cha duka lake aliona miguu ya kijana chini ya tumbo la fundi wa kushona. Akasema ni kama nguo ya wateja wawili, na siku ya kuichukua watagombana.

Siku ya mbio Nyawera, katikati ya mji, ilijaa. Wanawake wa Chama walicheza, ngoma zilipigwa, sare zilikuwa mpya. Katibu wa mtaa alikuja kukagua baiskeli.

"Citoyen mwananchi, abiria haruhusiwi."

"Alikufa, citoyen."

Katibu alifikiri. "Basi hahesabiwi," akasema, akapita.

Kabla ya filimbi kupigwa, mkubwa mmoja alishika kipaza sauti. Alisema kwamba barabara ni nzuri sana, ila mlima umeila kidogo huko mbele ya Burhale, na gari lake mwenyewe limelazimika kurudi. Kwa hiyo wakimbiaji watazunguka kutoka Nyawera hadi ziwani na kurudi, mpaka urefu wa Mwenga utimie. Redio itasema Mwenga. Watu wakapiga makofi.

Mushagalusa aliyekuwa amezoea kupanda na mtu nyuma aliona njia ya mjini kama mkeka. Akampita mmoja, akapita wengine. Watu wa Nyalukemba wakaita jina lake. Aliwahi kuwa wa mwisho katika mambo mengi, hata kwenye ndoa yake alifika baada ya bibi harusi. Sasa mbele yake hakukuwa na mgongo wa mtu.

"Papa," maman Eulalie alisema, "hapa tulishapita."

"Najua, maman."

"Na Mwenga?"

Mushagalusa aliendelea kukanyaga. Jasho lilimwingia machoni.

"Maman, uniachie tour moja tena. Sijakuwa wa kwanza hata siku moja."

Aliguna nyuma yake. "Zunguka. Lakini moja tu. Na usipungie batu mukono, utatuangusha."

Akazunguka. Akapunga mkono. Hawakuanguka. Kisha, walipofika penye njia panda, akakata kuelekea Walungu, na mwamuzi akatangaza kwamba citoyen Mushagalusa wa Nyalukemba ameshindwa na ameacha mbio. Nsimire, katikati ya watu, alisema huyo ndiye mume wake, na akaenda nyumbani kuwasha makaa.

Njia ilimkalia vibaya. Pale mlima ulipokula barabara ilibaki njia ya mbuzi tu juu ya korongo. Alijitwika baiskeli kichwani, na maman Eulalie akabaki amekaa juu yake, akimwambia wapi pa kuweka mguu. Kaptura ilipasuka mahali pote alipoipanua. Watu wa vijijini walimpa ndizi na kumwuliza kama redio imesema kweli kuhusu barabara. Yeye aliwageuzia mgongo, wakaona wenyewe.

Huko Mwenga Anaclet alikuwa anamenya mihogo. Sheria ya majina ilikuwa bado haijamfikia, kwa sababu ileile ya barabara. Aliinuka, akamwekea mke wake kigoda.

"Mumechelewa," alisema.

"Barabara," alijibu maman Eulalie.

Anaclet akatikisa kichwa. Wakakaa bega kwa bega kitambo. Redio ya jirani ilitangaza kwamba wakimbiaji wote wamepokelewa Mwenga kwa shangwe. Watu wakatoka kuangalia. Walimwona mtu mmoja mnene, kaptura imeachana. Wakampigia makofi, ili redio isionekane imedanganya. Mushagalusa akainama, akashika nyuma kwa mkono mmoja.

Kisha maman Eulalie akainuka, akamwambia, "Tumbo yako inapumua muzuri sasa," akaenda nyuma ya migomba, kwenye kaburi alilotengewa tangu zamani, akalala. Mushagalusa aliinua baiskeli na kuiona nyepesi, na wepesi ule haukumpendeza.

Asubuhi alipofungua mlango wa Anaclet, watu walikuwa wamejipanga mbele ya baiskeli yake. Kulikuwa na mama mjamzito aliyevimba miguu, mzee mwenye ngiri, na kati yao wafu kadhaa wenye safari zilizokatikia njiani, wote wakielekea Bukavu.

"Kinga iko moja," alisema Mushagalusa, "na miye niko mushonaji. Tuanze na wazima."

Akamsaidia mama mjamzito kukaa kwenye mto. Wafu hawakubisha. Walisogea kando ya njia, wakakaa kwenye majani, wakaendelea kungoja.